Kompyuta Aliyoichagua Baba

Nakumbuka vizuri siku fundi Njoroge aliponikemea mbele ya wateja wake, mwanangu nisiyekuzaa, na mpaka leo namshukuru. Nasikia unataka kumnunulia mama yako kompyuta ya nyumbani, ile ambayo kioo chake hugeuka mpaka nyuma, ukaitumia kwa kugusa. Ni wazo jema. Lakini kabla hujatoa pesa, keti kwanza nikuambie nilivyokosea.

Wakati huo mvi hizi zilikuwa hazijaja, na nilidhani kila kitu nakijua. Tulikuwa tunakaa Kaloleni, katika nyumba ile ile ambayo baba yangu alianza kuipanga akiwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa amestaafu, na kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha mkono wake wa kulia. Hamu yake ilikuwa moja: kumwona kaka yake, Baba Mkubwa Wekesa, aliyekuwa mgonjwa kule Bungoma. Kwenye simu yangu uso wa Baba Mkubwa ulionekana kama punje ya harage, na macho ya baba hayakuwa yale ya zamani. Nikaamua kununua kompyuta.

Nilienda mjini peke yangu. Kijana wa dukani akanipokea kwa bashasha kama dada yake. "Siz, hii mashine ni noma! Hata gemu kubwa kubwa inacheza."

Baba yangu na gemu, wapi na wapi? Lakini ilikuwa inang'aa, vitufe vyake vinawaka taa nyekundu, nami nikajiona nikiingia nayo mtaani majirani wakinitazama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na haikunisaidia chochote siku hiyo.

Jumapili, baada ya kanisa, tukampigia Baba Mkubwa. Uso wake ukajaa kwenye kioo. Baba akainama amsogelee, mkono ule mdhaifu ukalalia vitufe, picha ikakatika. Tukapiga tena, ikakatika tena. Mara ya tatu baba akaifunga kompyuta taratibu.

"Wacha tu, Nekesa. Nitamwona siku nyingine."

Hakuomba tena. Wiki tatu nzima sikumsikia akimtaja kaka yake, na kimya hicho kiliniuma kuliko matusi.

Nikaibeba kompyuta hadi kwa fundi Njoroge, mzee aliyeanza na kutengeneza redio akaja kuzeekea kwenye kompyuta. Kibanda chake kilikuwa karibu na holi la mtaa. Nikamwambia mashine ina shida. Akaikagua mbele ya wateja wake, akavua miwani.

"Mashine ni nzima. Nani anaitumia?"

"Baba."

"Ulienda naye kuichagua?"

"Hapana, nilienda peke yangu."

"Basi hii ni yako, binti. Ya mzee bado hujanunua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kesho mlete mwenyewe."

Niliona haya, lakini kesho yake nilimshika baba mkono, tukaenda polepole. Njoroge alituwekea kompyuta tatu zilizotumika, zote za kugeuka, zote za bei nafuu kuliko yangu. Ya kwanza baba aliipakata, akasema inamchosha mapaja. Ya pili bawaba zake zilikuwa zimelegea. Ukigusa kioo kinaanguka nyuma kama mlevi. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo mgongoni, na mimi nisingeitazama mara mbili. Njoroge akaigeuza mpaka ikasimama mezani kama paa la nyumba, vitufe vikabaki nyuma, havina kazi. Baba akagusa kioo kwa kidole cha mkono wa kushoto. Kikamwitikia.

"Hii inanisikia," akasema, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue.

Njoroge alichukua ile yangu, tukabadilishana. Jioni hiyo ndugu wale wawili walicheka hadi machozi wakikumbushana ng'ombe waliowapoteza utotoni na viboko walivyokula. Ikawa desturi yao ya kila Jumapili. Baadaye baba akajifunza kukuza herufi, akawa anajisomea Biblia bila kumsumbua mtu.

Mwaka uliofuata Baba Mkubwa alitutoka. Baba alilia, lakini si kilio cha mtu aliyenyimwa nafasi ya kuaga.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda na mama yako. Kuuliza si ujinga. Mwache aipakate, aigeuze, aiguse kwa vidole vyake vilivyochoka na kazi. Tikisa kioo uone kama bawaba zimekaza. Uliza inakaa na chaji saa ngapi, maana huko kwenu Njiru stima hupotea bila kuaga. Usilipie nguvu ambazo mama hatazitumia kwa kutazama ibada na kuongea na wajukuu, wala usidharau kitu kwa sababu ya mkwaruzo. Na muuzaji akikuharakisha, ondokeni. Maduka ni mengi.

Mungu aibariki mikono yako inayotaka kumpa mzazi. Akujalie subira ya kumsikiliza kabla ya kumpa, na siku yako ya uzee ikifika, upate mtoto atakayekuuliza unachotaka. Nenda kwa amani.