Meneja Aliyenukia Sabuni

Juzi nilikuwa Nangurukuru, kwenye foleni ya duka la ushirika, wapiga picha za sinema walipofika kumrekodi meneja akieleza mafanikio ya biashara. Akinamama waliokuwa mbele yangu wanafua kwa maji matupu tangu Ramadhani. Kila wakiulizia sabuni, wanajibiwa, “Bado haijaja.”

Meneja akatokea mlango wa nyuma. Nywele amezipaka mafuta na kuzichana vizuri, shati jeupe pee, limepigwa pasi likasimama. Mpiga picha akamwomba bibi mmoja ampe mkono, ionekane wateja wanathaminiwa.

“Shikamoo, bibi,” meneja akasema kwa sauti ya redioni.

“Marahaba, mwanangu.”

Bibi hakuuachia ule mkono. Akauinua polepole mpaka puani, akanusa, kisha akatugeukia.

“Kumbe imekuja!”

Meneja akacheka, akarekebisha kola, akaendelea na mafanikio yake.

Mimi si mwepesi wa kumshuku mtu. Lakini watakaoitazama sinema hiyo huko Dar es Salaam watamsifu kwa unadhifu, na wala sitawalaumu. Kamera haina pua.