Tia Mkono Ndani ya Gorogoro

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya gorogoro yake, mkebe wa kupimia mahindi, wakati mwenye duka aliponishika kifundo, akauvuta nje kama mtu anayetoa panya kwenye gunia.

"Mama, unatafuta nini huko ndani?"

"Natafuta chini," nikamwambia. "Mbona imekuja karibu hivi?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Alinijibu kwa maneno ambayo nimeyasikia mwaka mzima hapa Nyamasaria, kutoka kwa muuza makaa hadi kwa mwenye nyumba: "Uchumi ni mbaya dunia nzima, mama. Sasa unataka mimi nifanye nini?"

Hapo nikalipuka. Nilimpigia kelele mpaka mtoto akaamka mgongoni akaanza kulia, na sioni haya kukwambia. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimetoka kliniki. Muuguzi alikuwa amempima binti yangu, akaitazama kadi, akanitazama na mimi, halafu akauliza polepole, "Mama, kwani nyumbani mnampa nini?" Nilitamani ardhi inimeze. Nampa nilichokuwa nikimpa siku zote! Gorogoro ile ile ya mahindi, duka lile lile, uji ule ule. Nilikuwa nimeshangaa kwa nini siku hizi unga unaisha kabla wiki haijaisha, nikafikiri labda panya, labda ni mimi nisiyejua kupanga. Kumbe jibu lilikuwa pale chini ya mkebe. Kitako chake kilikuwa kimepigwa nyundo kikaingia ndani, kikavimba kama tumbo la chura.

Mtoto wangu wanampima kwa mizani ya kweli. Chakula chake kinapimwa kwa mkebe uliopondwa. Halafu ninayeulizwa maswali ni mimi.

Unajua, ni nyanya yangu aliyenifundisha kutia mkono. Nililelewa kwake Pap Onditi, na siku za soko tulikuwa tunaenda Katito kuuza mahindi na mtama. Nikifumba macho hata sasa naisikia harufu ya magunia ya katani yaliyolala juani, na moshi wa kule kando ya barabara walikokuwa wakikaanga mgongo wazi. Unaukumbuka mgongo wazi? Mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, alikuwa anapelekwa kiwandani Kisumu, wanamtoa mnofu wote unasafirishwa Ulaya, na sisi tunarudishiwa kichwa, mkia na mifupa katikati. Tulikuwa tunaipika kwa nyanya mbivu na vitunguu, tunanyonya mfupa mmoja mmoja mpaka unakuwa mweupe, na sikuwahi kujiona maskini. Mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, mtu anaramba kiwiko.

Lakini nilikuwa nakwambia juu ya gorogoro. Ni ule mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, unakuwa kipimo cha soko zima. Nyanya alikuwa anamimina mahindi mpaka yafanye kilima juu na punje zianze kukataa zenyewe, zinateleza zikirudi guniani. Sauti yake ilikuwa kama mvua inayoanza juu ya mabati. Mteja akiwa na mtoto, nyanya anachota konzi moja ya nyongeza na kumtilia mtoto viganjani, si kwenye mfuko wa mama. Ilikuwa ya mtoto. Na kabla ya hayo yote, mkebe ukiwa mtupu, mnunuzi yeyote alikuwa na ruhusa ya kutia mkono ndani na kupapasa chini. Hakuna aliyenuna. Muuzaji ndiye aliyekuwa akikuletea mkebe: "Tia mkono, mama." Nyanya alizoea kuniambia, "Nyakwara," yaani mjukuu wangu, "macho huona juu tu. Chini huonwa na mkono."

Kisha ukaja ule mwaka ambao redio ilisema benki za ng'ambo zimeanguka. Mimi nilidhani zimeanguka kama ghala lililoliwa na mchwa. Nyanya alipunguza sauti ya redio akauliza, "Zimeangukia nani?"

Tulijua baadaye. Shuleni mwalimu alichora dunia nzima ubaoni, akaweka alama ya chaki mbali sana juu, akasema shida imetokea hapa, halafu akaweka kinukta kidogo chini, akasema hawa ndio sisi. Nikainua mkono nikauliza imevukaje hayo maji yote. Mwalimu akasema nikae chini. Lakini ilivuka. Ulaya walipunguza kununua samaki, kiwanda kikapunguza watu, na mgongo wazi ukaadimika. Hebu fikiria hilo. Wao wameacha kula nyama, sisi tunakosa mifupa! Mjomba aliyekuwa ng'ambo akaacha kutuma chochote, hata salamu. Mahindi yakapanda. Mkubwa mmoja akaja kanisani kwenye harambee akatuambia wananchi tufunge mikanda, na wa kwake ulikuwa umejificha chini ya tumbo hata hatukujua kama anao. Nyanya aliyekuwa amejifunga leso akasema kwa sauti, benchi zima likasikia, "Sisi wengine mikanda hiyo hatukuwahi kupewa."

Aliyenifundisha maana ya ule mwaka hasa ni jirani yetu, mama aliyekuwa akiuza mahindi gunia la pili kutoka letu. Mume wake alikuwa mkataji wa minofu kiwandani, na alikuwa miongoni mwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Siku moja ya soko mteja akatia mkono kwenye mkebe wa huyo jirani, akautoa haraka kama aliyeguswa na moto. Aliondoka tu. Nyanya akaona. Akaenda, akatia mkono wake, akasimama pale ukiwa bado ndani.

"Nani amekupigia hii?"

"Mume wangu," jirani akasema, na machozi yalikuwa karibu. "Wewe mama unaongea kwa sababu bado unakula. Wangu wamemfukuza. Wazungu hawali samaki tena. Nifanye nini?"

"Pandisha bei."

"Nikipandisha watanikimbia!"

"Wakukimbie wakijua kwa nini wanakimbia. Bei ni ya dunia, mimi na wewe hatuiwezi. Lakini mkebe ni wako."

Halafu nyanya akaazima mchi wa kutwangia kutoka kwa mama wa vyungu, akausimamisha mkebe mchangani, akaanza kukitwanga kitako kwa ndani. Ngo! Ngo! Ngo! Mtu mmoja akapiga kelele, "Mtwange na mwenyewe!" na watu wote wakacheka, na jirani naye akacheka huku akijifuta pua kwa leso. Kitako kikarudi mahali pake. Mkebe ukabaki na makovu, lakini ukajaa. Bei ikapanda kwake na kwetu pia. Watu walinung'unika, wakanunua nusu gorogoro, wengine wakarudi kwenye muhogo. Na sisi nyumbani tulikula kidogo; kuna jioni tulikunywa uji wa mtama tukauita chakula. Lakini njaa ile tuliijua jina na kimo chake. Hakuna aliyetuibia huku akituonea huruma.

Ndiyo maana ninakasirika. Sikasiriki kwa sababu maisha ni magumu. Yalikuwa magumu hata wakati huo. Nakasirika kwa sababu siku hizi kila mtu ameokota ule uchumi wa dunia akaufanya nyundo. Mkate umekonda, bei imebaki pale pale. Sabuni imekuwa nyembamba, karatasi yake imeongezwa maua. Ukiuliza, unaonyeshwa dola, unaonyeshwa vita vya watu wengine, kama vile dola ndiyo iliyoingia dukani ikapiga mkebe. Kule Katito sokoni mizani ya saa, ile ya mshale, imekuja, na mikebe imebaki mmoja mmoja. Jirani alishatangulia mbele ya haki, na nyanya pia. Kutoka kwa nyanya nilichukua kitu kimoja tu, gorogoro yake. Nimekuwa nikiitumia kuogeshea mtoto.

Siku ile nilirudi nyumbani nikaikausha, nikarudi nayo dukani na mahindi aliyonipimia kwa mkebe wake baada ya kelele zile, maana mtoto alikuwa lazima ale. Nikayamimina mbele ya foleni. Hayakufika hata kwenye mstari wa kutu ulio karibu na mdomo wa mkebe. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani akachungulia, akasema, "Yawa! Na mimi nimekuwa nikimchapa kijana wangu eti anaiba unga." Hakuna aliyecheka. Mwenye duka akainusa sabuni kwenye mkebe, akasema niondoke na kopo langu la kuogea.

Kesho yake nikaenda mjini, ofisi ya vipimo. Nilikuwa nimejaa. Nilitaka kuandika habari ya mkate na sabuni, kiwanda, yule mwenye tumbo wa harambee, benki zilizoanguka, kila kitu. Karani mzee akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, akanisogezea karatasi. "Mama, hayo yote ni kweli," akasema. "Lakini hapa andika yale tunayoweza kupima."

Kwa hiyo niliandika hivi:

Kwa Afisa wa Vipimo na Mizani. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Nyamasaria. Nalalamika kwamba duka ninakonunua mahindi linatumia gorogoro iliyopigwa kitako kikaingia ndani. Silalamikii bei. Bei imeandikwa ukutani na nimekuwa nikiilipa. Nalalamikia kile ambacho hakikuandikwa. Naomba afisa aende bila kutoa habari, na kabla ya kupima chochote atie mkono ndani ya mkebe. Naomba pia kila mnunuzi aruhusiwe kufanya hivyo bila kushikwa mkono. Hasara niliyopata ni uzito wa mtoto wangu. Nakala ya kadi ya kliniki iko pamoja na barua hii. Kielelezo: gorogoro moja ya marehemu nyanya yangu, haijapondwa. Mkimaliza naomba nirudishiwe.