Jaketi Nililolilalia

Mume wangu alizaliwa vilimani Nyanza, kwenye chemchemi ambayo maji yake hayapiti magoti. Lakini bwana mwenye nyumba ya Lavington, alikokata majani, aliposikia Nyanza aliwaza ziwa tu, akadhani kila mtu wa huko amezaliwa akiogelea. Mume wangu hakumkatalia. Kazi ilikuwa adimu, basi mkata majani akageuka mtunza boti.

Boti yenyewe ilikaa bandani nyuma ya nyumba, juu ya trela, ikingoja Jumapili za ziwa Naivasha. Kila Ijumaa aliikagua. Mimi aliniketisha kwenye usukani, tumbo langu la miezi saba likiugusa, naye akainama nyuma kutazama jinsi waya unavyopita kwenye kapi na kuigeuza injini. Kushoto, aliniambia. Kulia. Waya ukikwama alipaka grisi, nikaanza upya. Sijawahi kuendesha hata baiskeli, lakini bandani mle nilikuwa nahodha, na nilijivuna kweli.

Kisha yalifuata majaketi ya kuelea, manne, yaliyojazwa sufi. Kila moja alilifungia tofali na kulitumbukiza kwenye pipa la maji. Ijumaa moja matatu yalielea. La nne likaenda chini na tofali lake.

Nililijua. Mgongo ulikuwa ukinitesa, na kitanda chetu katika chumba cha mtumishi kilikuwa mbao na blanketi moja. Kwa miezi miwili, yeye akiwa bustanini, nililichukua jaketi lile na kulilalia mchana. Sufi ikilaliwa sana hupondeka, na jaketi haliwezi tena kumbeba mtu. Mimi ningejuaje? Kwetu sufi ni ya kujazia mito.

Alilinusa. Lilinuka mafuta yangu ya mgongo. Akalianika, kisha akalitundika kwenye msumari wake mwenyewe.

"Hiyo nani atavaa?" nilimwuliza.

"Mimi."

"Na boti ikipinduka?"

"Si bwana anajua mimi ni samaki?"

Alicheka peke yake. Nilielewa hesabu yake: akisema limeharibika, ataulizwa ni nani aliyeliharibu, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuishi chumbani mle. Nilimkasirikia sana, na sijawahi kumpenda kama siku ile.

Mficha uchi hazai, nami siku zangu zilikuwa zinakaribia. Jumamosi asubuhi nililibeba jaketi hadi mlango wa jikoni, nikamweleza memsahibu, mke wa bwana, yote: kwamba nililalia jaketi, na kwamba mume wangu hajui kuogelea. Alilibonyeza kwa kidole, akalitazama tumbo langu. Akasema boti haitatoka mpaka linunuliwe jaketi jingine. Mimi nikae hadi nijifungue, kisha nirudi nyumbani.

Mume wangu alininunia wiki nzima. Ijumaa iliyofuata aliniita bandani, nikapanda kwa shida, nikashika usukani. Nilingoja aseme kushoto au kulia. Alikuwa ameinama huko nyuma, kopo la grisi mkononi.

"Ungenyamaza, tungekaa pamoja," alisema mwishowe.

"Ungezama, ningekaa na nani?"

Nilisikia akiweka kopo chini. Akakohoa, akafuta uso kwa mkono wenye grisi, ukabaki mweusi hadi sikioni.

"Haya, mama," akasema. "Kushoto. Polepole."

Nikageuza.