Askale na Chungu cha Rafaeli

Askale hakuhesabu tarehe. Alihesabu watakatifu. Ukimuuliza kondoo fulani alizaa lini, anakwambia, "Mkesha wa Giorgisi." Mvua ya mawe iliyoangusha maharage? "Kesho yake Mikaeli." Mimi nilihesabu siku za soko. Tulielewana hivyo hivyo.

Nilimwoa akiwa msichana. Aliletwa juu ya nyumbu kutoka ng'ambo ya bonde, na aliposhushwa, kabla hajaketi, akamshika kondoo wangu mmoja na kuvuta sufu yake kwa vidole.

"Hawa umewakata sufu wakiwa wachafu," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza mke wangu aliloniambia.

Kwetu Menzi, juu milimani Uhabeshi, ni baridi, na kondoo ndio nguo zetu. Wanawake husokota, wanaume hufuma. Mwaka wa kwanza wa ndoa yeye alisokota, mimi nikafuma blanketi la kitandani. Lilitoka zito kama ng'ombe aliyekufa. Likifuliwa lilitaka watu wawili kulikamua, mmoja huku, mmoja kule, kila mtu anazungusha upande wake. Askale alikuwa na mikono midogo lakini alinishinda. Nilikuwa nateleza, yeye anacheka.

Watoto hatukupata. Mara moja mimba ilishika. Haikufika.

Mwaka wetu unamalizika na mwezi mfupi, Pagume, wenye siku tano, na mara moja moja sita. Siku ya tatu ni ya malaika Rafaeli. Siku hiyo mbingu hufunguka, na mvua inayonyesha si mvua ya siku zote. Watoto huikimbilia uchi. Wanawake hukinga maji wakakandia unga. Mwenye mimba huyanywa, kwa kuwa Rafaeli ndiye afunguaye tumbo. Hilo kwetu hata mtoto analijua.

Kila mwaka Askale alisimama katika mvua hiyo. Alisimama nyuma ya zizi, nguo imemganda mwilini, uso juu. Nilimwona kutoka mlangoni. Akirudi ndani anatetemeka, nampisha penye moto. Hatukulizungumza.

Miaka ikaenda. Damu yake ikakoma. Nikasema moyoni, sasa atapumzika. Siku ya Rafaeli iliyofuata akatoa chungu kipya, akakiweka uani.

"Cha nini?"

"Mke wa mpwa wako ana mimba. Kwao wana kuku wengi, maji yatachafuliwa."

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka wa pili wakaja wawili, baadaye wakaja wa kijiji kizima. Askale alikaa na chungu kile tangu alfajiri hadi jua kuzama. Alifukuza kuku, mbwa na watoto wa watu. Kisha anakifunika na kukiweka pembeni pasipo mwanga, na kila mwenye mimba alipewa kikombe chake.

Jirani yetu Yeshareg ana watoto tisa na ulimi wa kumi. Alisema mbele ya watu, kwenye kahawa, nyumbani kwetu: "Kazi hii imempata mwenyewe. Mwenye watoto hawezi kukaa na chungu siku nzima."

Wanawake wakatazama vikombe vyao. Askale akamwongezea kahawa.

"Kweli," akasema. "Hata kuzaa hawezi kumaliza."

Wakacheka, na Yeshareg akacheka kuliko wote. Lakini wageni walipoondoka, Askale aliosha vikombe vile mara mbili.

Sasa nataka kusema habari ya Tirsit.

Tirsit aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimba ya kwanza ilitoka. Ya pili ikatoka. Alipopata ya tatu hakumwambia mtu, hata mumewe, hadi ikaonekana. Akaja kwetu siku chache kabla ya Pagume, akasimama mlangoni, hataki kuketi.

"Etete Askale," akasema, kama wadogo wanavyowaita wakubwa wa kike, "mama mkwe ameshasema. Hii ikitoka nirudi kwetu."

"Mumeo je?"

"Anatazama chini."

Askale akaenda pembeni kutazama chungu. Mwaka ule wenye mimba walikuwa wengi, maji ya mwaka jana yalikuwa yamekwisha. Akarudi.

"Siku ya Rafaeli kikombe cha kwanza ni chako," akamwambia. "Nakuahidi."

Alipotoka yule mwanamke nikamuuliza mke wangu, "Unaahidi vya mbinguni?"

"Nimeahidi kikombe," akasema. "Kikombe ni changu."

Siku ya Rafaeli ikafika. Wiki mbili mfululizo mvua ilikuwa inatupiga. Siku ile kukapambazuka kweupe. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa.

Askale akatoa chungu. Wanawake wakaja baada ya ibada, wakakaa juu ya ukuta wa mawe, shuka vichwani, si kwa mvua, kwa jua. Tirsit alikaa peke yake karibu na zizi. Kila mara anainua macho juu, kisha anatazama tumbo lake, kisha juu tena.

Saa sita ikapita. Kunguru mmoja akaja kuchungulia ndani ya chungu, akaenda zake.

"Hata kunguru ameona hamna kitu," akasema Yeshareg.

Saa tisa wanawake wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Wana ng'ombe wa kukamua. Hakuna aliyeaga vizuri. Yeshareg alifika langoni, akageuka.

"Mbingu inajua chungu ni cha nani," akasema. "Mwaka ujao tukiweke kwa mwenye uzao."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeshauri kuhamisha jiko. Ndiyo maana iliuma zaidi.

"Siku haijaisha," Askale akajibu. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Tirsit hakuondoka. Angeenda wapi. Nilimwona amefumbata mikono juu ya tumbo, midomo inacheza.

Nikamvuta mke wangu ndani.

"Sikiliza. Chemchemi ile pale. Nakwenda na kibuyu, narudi, hakuna anayejua. Yule binti anywe, alale."

"Na Rafaeli nimwambieje? Kwamba siku hizi malaika ni mume wangu Dagne?"

"Mwambie mume wako aliona huruma."

Akaniwekea mkono kifuani. Mkono mdogo ule.

"Ni huruma," akasema. "Lakini siyo ya chungu hiki."

Nje mwanga ukaanza kupungua kabla ya wakati wake. Nikatoka. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, kama kawaida yake jioni, unatambaa juu ya nyasi, unameza ukuta, unameza zizi. Tirsit akawa kivuli. Ukungu tu. Tone hata moja hakuna.

Askale alisimama karibu yangu. Akapitisha kiganja usoni, akakitazama. Kilikuwa kimelowa.

Akaingia ndani. Akatoka akiburuta blanketi letu.

"Unafanya nini, mwanamke?"

"Shika huku."

Tukalitandaza juu ya vichaka ukingoni mwa bonde, pale ukungu unapopita mnene. Sufu ni kitu cha ajabu. Ukiisimamisha penye ukungu, inaukamata. Mchungaji yeyote anajua, maana hurudi na nguo imejaa lulu za maji hali mvua haikunyesha. Askale alisimama pale akilinyoosha, akiligeuza, nywele zake nyeupe zikazidi kuwa nyeupe kwa vitone. Alikuwa ameanza kikohozi tangu mwezi uliopita. Nikamwambia aingie. Hakunisikia, au alinisikia.

Kulipokaribia giza blanketi lilikuwa limekunywa la kutosha. Tukalileta uani.

"Tirsit, lete chungu."

Mimi nikashika huku, yeye kule. Tukazungusha. Kwanza hakikutoka kitu, na nilimwona Tirsit ameacha kupumua. Kisha tone. Kisha mawili. Kisha uzi mwembamba wa maji, una harufu ya kondoo na moshi wa nyumba yetu. Tulikamua mpaka viganja vyangu vikachubuka. Askale akachota kikombe, kikajaa, na kilichobaki kikafunika kitako cha chungu.

Yeshareg alikuwa amerudi. Sijui alirudi lini. Alisimama langoni pamoja na Abba Habte, kasisi wetu, aliyekuwa anapita kwenda nyumbani.

"Abba," akasema Yeshareg, "ukungu si mvua. Waambie."

Abba Habte ni mtu mzito wa kusema. Akatazama blanketi, akatazama chungu, akamtazama Askale anavyotetemeka.

"Nimesoma kwamba siku hii mbingu zinafunguka," akasema. "Sikusoma kwamba ni lazima zimwagike. Leo zimeshuka zenyewe hadi chini. Unataka nini zaidi, Yeshareg?"

Akabariki chungu. Tirsit akanywa. Alikunja uso kidogo.

"Etete, ina sufu."

"Meza," akasema Askale.

Usiku huo tulikuwa hatuna blanketi. Tulikaa penye moto, limetandazwa mbele yetu linatoa mvuke, sisi tumejifunika shuka langu moja. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Baada ya damu kukoma, ulikuwa unakaa kwenye mvua kuomba nini?"

Akaligeuza blanketi upande wa pili.

"Mwanzoni nilikuwa naomba. Baadaye nilikuwa nakwenda kumsalimu tu." Akakohoa. "Mtu akikunyima kitu, ndiyo usimsalimu?"

Tirsit alishikwa na uchungu katikati ya kiangazi, katika sikukuu ya Bikira Maria. Askale alikuwa anakohoa vibaya lakini alikwenda. Sisi wanaume tulikaa nje. Ndani wanawake wanaita, "Maria, Maria," tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakarudi, sauti zimekauka. Mume wa Tirsit alikuwa anachimba ardhi kwa kijiti. Mama mkwe naye alikuwa nje, shuka mdomoni.

Kisha sauti zikanyamaza. Huo ndio wakati mbaya. Nikasikia mke wangu anasema kitu, na maji yanarushwa.

Mtoto akalia.

Kwetu vigelegele vya mvulana ni vingi, vya msichana ni vichache. Tukahesabu. Vikapita vya msichana, vikaendelea. Mama mkwe akainuka, uso umeng'aa, akaingia mbio. Tukamsikia Yeshareg ndani:

"Askale, umekosea. Ni msichana huyu."

"Nimeona," akasema mke wangu. "Sijakosea."

Tirsit hakurudishwa kwao. Nilikula uji mzito wa shayiri wa kusherehekea uzazi, umejaa siagi na pilipili. Askale alikula vijiko viwili.

Alikufa baada ya Pasaka. Kifua. Watu walisema ni ukungu ule. Mimi sisemi. Alikuwa anakohoa kabla. Yeshareg aliomboleza kuliko ndugu, alijipiga kifua mpaka wakamshika. Mimi nilikaa kwenye kiti. Nyumba niliijenga mwenyewe, sikujua ni kubwa hivyo.

Pagume ikaja tena. Chungu kilikuwa pale pembeni, kimefunikwa alivyokiacha. Sikukigusa. Niliona, huyo malaika alisalimiwa maisha yote na mtu mmoja, na mtu huyo hayupo. Mimi sina salamu naye.

Asubuhi ya Rafaeli mvua ikaanguka kama iliyokuwa imezuiwa mwaka mzima. Tirsit akaingia mbio, mtoto mgongoni.

"Gashe Dagne, chungu kiko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akakitoa uani, akakaa mlangoni kukilinda. Nikarudi kwenye kiti changu.

Yule mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akakipindua. Tirsit akakisimamisha. Kikajaa nusu, mtoto akakipindua tena, akakaa ndani ya maji anayapiga kwa viganja. Mama yake akambeba, mtoto akalia. Akamweka, akarudi chunguni. Wanawake walikuwa wanaanza kufika na vikombe.

"Nilisema mimi," akasema Yeshareg, akiingia. "Mwenye mtoto hawezi." Halafu akanitazama, akavuta shuka mdomoni.

Nikainuka. Nikachukua blanketi kitandani, nikajifunika kichwani, nikatoka. Nikakaa karibu na chungu, juu ya jiwe alilokuwa anakalia. Siku nzima nilikaa. Nilifukuza kuku. Nilimfukuza yule mtoto, akarudi, nikamfukuza. Mvua ilinipiga usoni nilipotazama juu, na nilitazama juu mara nyingi kuliko nilivyokusudia. Chungu kikajaa, kikamwagika pembeni. Kila mmoja akachota.

Jioni nilipotaka kusimama sikuweza. Blanketi lilikuwa limejaa maji, limenishika mabega. Nikalivua, nikaanza kulikamua. Upande mmoja ukikaza, mwingine unaachia. Nikakanyaga ncha moja kwa mguu. Haikusaidia.

Tirsit akamkabidhi Yeshareg mtoto, akaja, akaokota ncha ile ya matopeni.

"Wewe huko, Gashe," akasema. "Mimi huku."

Tukazungusha. Ana mikono mikubwa, lakini hajui bado. Aliteleza mara mbili.