Kiwanja cha Mzee Gunnar

Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki, pua yangu huitafuta na ile ya mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Wengine iliki huwakumbusha sikukuu. Mimi hunikumbusha Jumanne jioni kando ya barabara ya mashambani nyuma ya Tumba, Uswidi, saa moja na jua la Agosti bado liko juu, na baba yangu akiwa wa mwisho.

Niseme mapema: baba hakuwa mwanamichezo. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha malori Södertälje, mwenye kitambi cha heshima. Alijiunga na klabu ya baiskeli kwa sababu daktari alimwambia aache chipsi au aanze mazoezi, naye akachagua lililoonekana jepesi. Mchezo wenyewe wanauita tempo. Mnaondoka mmoja mmoja, kila mtu dakika moja baada ya mwenzake, mnakwenda kilomita tano hadi kwenye koni ya rangi ya machungwa, mnageuka, mnarudi. Hakuna wa kukukinga upepo. Unashindana na saa ya Birgitta, mama mmoja mwembamba aliyekaa kwenye kiti cha kukunja na kalamu mbili, moja ikiwa ya akiba.

Klabu ilikuwa na desturi: anayekuwa wa mwisho huleta vitafunio vya kahawa Jumanne inayofuata. Majira yale yote ya joto vitafunio vilitoka kwetu. Mama alikaanga maandazi wiki baada ya wiki, akitwanga iliki kwa hasira ambayo sasa najua haikuihusu iliki. Waswidi nao wanaipenda iliki kutushinda sisi, wanaitia kwenye kila mkate mtamu, kwa hiyo maandazi yalikwisha kabla kahawa haijamiminwa. Ikafika mahali mama akawashuku.

"Baba Neema, hao watu hawakushangilii ufike," alisema. "Wanakushangilia uchelewe."

Sababu kubwa ya kuchelewa, ukiacha kitambi, ilikuwa keria. Wenzake walikuja na baiskeli nyembamba unazoweza kuinua kwa vidole viwili. Yake aliinunua kwenye mitumba, ina stendi, ina kengele, na nyuma ina keria ya chuma ya kubebea mzigo, wala hakutaka kusikia habari ya kuifungua. "Baiskeli bila keria ni ya maonyesho," alisema. Juu ya keria alifunga koti la mvua, pampu na chupa ya chai. Kila wiki alipigwa hata na Mzee Gunnar, mtu wa miaka sabini na minne mwenye goti moja la bandia.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, na aibu yangu ilinizidi kimo. Emil, tuliyesoma naye darasa moja na ambaye baba yake ndiye aliyezoea kushinda, alimwita baba "röda lyktan", yaani taa nyekundu, ile ya nyuma ya behewa la mwisho. Shule zilipofunguliwa niliapa mbele ya darasa zima kwamba Jumanne ile, ya mwisho kabla ya kufunga msimu, baba yangu hatakuwa wa mwisho. Nyumbani mama naye alikuwa ameapa yake. Siku ya kufunga msimu huja familia zote, na mama hakuwa na mpango wa kuzikaangia. "Safari hii ukiwa wa mwisho, unga huo hapo, utaukanda mwenyewe."

Basi siku moja kabla, baba akiwa kazini, nilichukua spana nikashuka kwenye chumba cha baiskeli chini ya ghorofa letu, nikafungua keria na stendi. Baba alipoiona baiskeli yake alijipapasa kichwa, kama mtu aliyenyolewa akiwa usingizini. Akaiinua kwa mkono mmoja, akaishusha, akaiinua tena. "Kumbe," akasema.

Ratiba ilimpanga Mzee Gunnar aondoke dakika moja mbele ya baba. Mimi niliomba lifti kwenye gari la klabu hadi kwenye koni, nishuhudie kwa macho yangu. Wakaja wengine, wakageuka, wakapotea. Halafu akatokea Mzee Gunnar, na nyuma yake, karibu mno, akatokea baba! Alikuwa ameila ile dakika karibu yote. Nikaruka. Ilibaki kumpita tu.

Tatizo ni kwamba baba alilelewa Korogwe na bibi yake, na bibi alimfundisha kwamba mtu mzima humpiti kama unavyopita nguzo ya umeme. Akapiga kengele. Akasogea ubavuni mwa mzee, akaachia usukani mkono mmoja, akauweka kifuani. Shikamoo haina Kiswidi chake, kwa hiyo akachukua linalofuata na kulitafsiri neno kwa neno.

"Hej, Gunnar! Hur är det hemma?" Habari za nyumbani?

Wewe na mimi tunajua swali hilo lina jibu moja. Hata kama paa liliezuliwa jana, nyumbani ni kwema. Baba alitegemea aambiwe "bra", yaani njema, ashukuru, akanyage pedali aende zake. Lakini mzee alisema jambo fupi ambalo upepo ulilichukua, na nikamsikia baba tu akilirudia, kwa lafudhi yake ya Korogwe.

"Tomt?" akasema baba. Akaacha kukanyaga.

Sasa, tomt kwa Kiswidi ni kiwanja. Na mimi nilimjua baba na wenzake. Watanzania wawili wakikutana Tumba hawamalizi chai bila kufika kwenye kiwanja cha Kibaha, na hati yake, na mipaka yake, na shemeji aliyeaminiwa kusimamia ujenzi. Nikauelewa msiba ulionifika: Mzee Gunnar ana kiwanja, na baba amepata wa kuzungumza naye. Waliizunguka koni bega kwa bega, polepole, baba akitikisa kichwa kama anayesikitikia bei.

"Kör, pappa! Kör!" nilimlilia akimbie. Hakunitazama hata kidogo.

Gari la klabu likanirudisha mapema, nikawaona wakifika pamoja. Kwa kuwa baba aliondoka dakika moja nyuma, saa ya Birgitta ilionyesha amemshinda mzee kwa dakika nzima. Nilikuwa nimeshaanza kushangilia Birgitta alipofungua kitabu cha sheria. Kwenye tempo ni marufuku kuendesha ubavuni mwa mwenzako, na anayefuata nyuma ndiye mwenye kosa. "Två minuter, Juma. Tyvärr," akasema, na kweli alisikitika. Hesabu ya dakika mbili za adhabu hata mimi niliiweza: baba wa mwisho tena. Emil alianza kutabasamu.

Hapo Mzee Gunnar, ambaye msimu mzima sikumsikia akisema zaidi ya "hej" na "tack", salamu na asante, akavua kofia yake. "Lägg på mig också," akamwambia Birgitta. Na yeye aongezewe. "Det var jag som pratade." Yeye ndiye aliyekuwa akizungumza. Birgitta akakitazama kitabu, akamtazama mzee, akabadilisha kalamu, akaandika. Mzee Gunnar akawa wa mwisho.

Kiapo changu kikatimia, ingawa Emil alidai hakihesabiki. Tukirudi nilimuuliza baba walikuwa wanaongea nini cha kupoteza mashindano.

"Mambo ya nyumbani, mama," alinijibu, akatazama pembeni. Nikajua: kiwanja.

Jumapili Mzee Gunnar akaja kwetu kujifunza maandazi. Alikuja na mkebe mdogo wa iliki, umebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, herufi za duara. Mama akaufungua, akanusa. Ilikuwa imekwisha harufu zamani, na mama iliki ya namna hiyo huitupa bila kuaga. Siku ile aliitwanga yote taratibu, akamrudishia mzee mkebe na karatasi yake. Mzee alipogeuka, akaongeza iliki yetu. Maandazi yenyewe yalitoka magumu, hata siku ya kufunga msimu Emil akaligonga moja mezani likalia. Watu waliyala yote.

Tangu hapo Mzee Gunnar akawa wa kwetu kila Jumapili, nami kwa miaka nilisubiri ajenge. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunaziba pancha na baba, nilipomuuliza mbona mzee hajengi.

"Ajenge wapi?"

"Kwenye kile kiwanja. Si alikuambia siku ile kwenye koni? Tomt."

Baba alicheka mpaka akaketi sakafuni. Alipomaliza alijifuta macho, akaendelea kuyafuta. Kiswidi kina tomt mbili, zinaandikwa sawa, zinatofautiana kwa sauti ya irabu moja tu, na mdomo wa baba haukuwahi kuzitenganisha. Ya kwanza ni kiwanja. Ya pili ni tupu. Mzee aliulizwa habari za nyumbani, akazitoa: nyumbani kutupu. Mkewe alikuwa amefariki mwezi wa nne, na mkebe ule ulikuwa wake. Wanaklabu walimtumia kadi na maua, wakamwacha apumzike, kwa heshima. Hakuna aliyemuuliza, mpaka alipoulizwa na mtu ambaye hakuwa anauliza.

"Ningempitaje?" baba akasema.

Siku hizi ninaishi Farsta, na kila Jumapili nawapigia Tumba. "Habari za nyumbani?" "Njema tu, mama," anasema baba. Zamani ningesema haya, nikaendelea na yangu. Sasa naacha kukanyaga. Nanyamaza, namsikia akikohoa, akivuta kiti, akiketi.

"Ila mama yako," anaanza, "juzi hapa..."