Ugonjwa wa Karibu

Fundi vitasa wa jengo letu alikuwa bingwa wa bawaba. Alizipaka mafuta mpaka milango ikasahau kulia, na ndivyo mkewe alivyoondoka alfajiri moja na sanduku zima la nguo bila yeye kushtuka. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye akaendelea kupaka mafuta. Alibakiwa na ndugu mmoja tu, dada yake mkubwa, mshonaji wa ghorofa ya juu kabisa, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata kitambaa bila mkasi.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Homa kwanza, halafu mgonjwa anatulia, unadhani amepona. Kumbe uliua akili kwanza, adabu mwisho. Mtu hali, hanywi, hamjui hata mwanawe wa kumzaa, lakini ukimbishia hodi anakuitikia kwa sauti tamu: "Karibu." Na sisi tulivyolelewa, ukikaribishwa unaingia. Walioingia waliambukizwa, wakaanza na wao kukaribisha. Koo nzima zilimalizwa na malezi mema.

Kamati ya jengo ikamtupia fundi kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Kila asubuhi apite milango yote akipiga hodi. Anayeuliza "Nani?" ni mzima. Anayetukana ni mzima zaidi. Anayesema "Karibu" anapigiliwa komeo kwa nje, kisha wanaitwa watu wa afya, ambao walikuja walipojaliwa.

Basi akawa mtu pekee mjini anayeomba afukuzwe. Hakuna aliyemfungulia. Alikula amesimama kwenye ngazi, na akipita, watu walivuta mapazia. Sisi tulimtukana kwa bidii, tukiona tunamtendea wema.

"Toka hapo, bundi wewe."

"Asante, jirani," anajibu, na alikuwa hatanii.

Mlango wa dada yake aliuweka wa mwisho, kama mtoto anavyoficha nyama chini ya wali.

"Hodi."

"Hodi ya nani, uso kama kufuli la choo?"

"Mimi."

"Wewe nani? Yule aliyetorokwa na mke kwa mafuta yake mwenyewe?"

"Huyo huyo."

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Muongo. Haya, potea. Kesho uje mapema, nakutungia tusi jipya."

Anashuka ngazi akitabasamu. Kutwa nzima hakuna mwingine atakayemuuliza kama amekula.

Kesho yake akapanda mapema kama alivyoambiwa.

"Hodi."

Akasubiri tusi lake. Halafu: "Karibu."

Fundi akacheka. "Ndiyo tusi lenyewe hilo? Umeishiwa, dada."

"Karibu."

"Acha utani. Ni mimi, yule wa kufuli la choo."

"Karibu, mgeni. Pita ndani, usisimame mlangoni."

Tangu azaliwe, dada yake alikuwa amemwita kila kitu isipokuwa mgeni. Mkono wa fundi ulikuwa juu ya kitasa alichokipachika mwenyewe, kisichohitaji hata nguvu, kukigusa tu. Tuliokuwa ghorofa ya chini yake tulisubiri kusikia mlango ukifunguka, tukakumbuka kwamba milango yake hailii. Tulichosikia mwishoni ni nyundo. Alipigilia komeo taratibu, na kila alipopumzika, sauti ya ndani ilimwambia akae, kiti kipo.

Watu wa afya walisema watakuja. Hawakusema lini.

Jioni akapanda tena ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha. Akapiga hodi, akakaribishwa, akakaa sakafuni na mgongo wake mlangoni. Akawa anafanya hivyo kila siku. Anasimulia kitasa gani kimemsumbua, nani kamtukana vizuri, halafu anapiga hodi ili aitikiwe. Mji mzima ulikuwa umebakiwa na mlango mmoja tu unaomtaka, na huo ndio alioufunga yeye. Hakuna aliyemwambia aache. Ungemwambia aende wapi?

Sauti ikawa inafifia. Asubuhi moja akapiga hodi, hakujibiwa. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, akaweka sikio kwenye ubao.

Muungwana akibisha hodi tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka, wala hana kinyongo. Hata mtoto mdogo anajua. Fundi akanyoosha kola ya shati, akakohoa kidogo kusafisha koo, akapiga ya nne.