Mwalimu Kezia Niyonsaba na Ukuta wa Ukumbi

Alizaliwa Munanila, karibu na mpaka wa Burundi, Aprili 1953, mtoto wa mwisho wa wakulima wa maharage, watu wa sala. Tangu utoto alikuwa mwoga. Mawingu yakitanda alisimama mlangoni hadi ndugu zake wote waingie, na kila jioni alimsihi Mungu, Imana kama wanavyomwita Waha, amwondolee hofu hiyo. Hakuondolewa. Alisomea ualimu Kasulu, akafundisha Kibondo miaka ishirini na sita, wala hakuolewa. Huko ndiko wito ulikomjia. Mwaka 2004, katika ibada ya kuwaaga vijana waliokuwa wakienda kusoma vyuo vya mbali, alisikia moyoni neno moja: "Hapa." Alielewa kwamba chuo kijengwe huku kwetu, vijana wasilazimike kwenda mbali. Alilificha neno hilo miezi minane kwa woga, kisha akamweleza Mchungaji Tharsisi Nkunzimana wa Kasulu, mtu mchangamfu asiyejua kusitasita. Wawili hao ndio waanzilishi wa chuo kikuu chetu cha hapa Kasulu.

Waumini walifyatua matofali na kuyachoma wenyewe. Mwaka 2009 chuo kilifunguliwa kwa kibali cha muda, wanafunzi sitini na watatu wakisomea katika ukumbi mmoja. Kibali cha kudumu kilingoja ukaguzi wa Machi 2011. Siku tatu kabla ya wakaguzi kufika, Mwalimu Kezia aliona ufa ukutani, umepanda kutoka kwenye msingi hadi dirishani. Kesho yake ufa haukuonekana tena. Fundi alikuwa ameuziba kwa lipu na kuupaka rangi.

"Nani amekuagiza?" aliuliza.

"Mchungaji, mama."

Alimwendea Tharsisi mbio. Mchungaji akamtuliza: "Dada, wakaguzi wakishapita tutaubomoa ukuta wote tuujenge upya. Nakuahidi."

"Na mpaka hapo wanafunzi watakaa wapi?"

"Humo humo. Ni wiki chache tu. Ukisema sasa, umekiua chuo."

Aliujua woga wake, na mara nyingi ulikuwa umemhangaisha bure. Aliomba ishara, asiipate. Siku ya ukaguzi, wageni walipokuwa wakitoka ukumbini wameridhika, alichukua panga akaanza kukwangua lipu mbele yao. Panga lilimdondoka mara mbili, akaliokota tena. "Upo hapa," alisema. "Tuliuficha."

Kibali kilinyimwa, ukumbi ukafungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao. Wazazi walikuja kutoka Kibondo kumtukana mlangoni pake, na Tharsisi akaacha kumsalimu. Mwalimu mwenyewe hakuwa na hakika kama alitenda haki au aliharibu kazi ya Mungu. Siku ya kumi na tisa baada ya ukaguzi ilinyesha mvua kubwa, na alasiri, saa iliyokuwa ya mhadhara, ukuta uliangukia ndani, paa likaufuata. Tharsisi alimkuta amesimama kwenye matope. "Nisamehe, dada," alisema. Yeye aliweza kuuliza tu, "Una hakika hakuna aliyekuwemo?" Aliuliza tena na tena, mpaka Mchungaji akaingia kutazama chini ya kila dawati lililovunjika. Hapakuwa na mtu.

Walijenga upya, safari hii msingi ukichimbwa hadi kwenye mwamba, na kibali kikatoka mwaka 2014. Waumini wengi huita kuanguka kule bila mtu ndani muujiza. Mwalimu Kezia alilikataa neno hilo. Alisema ukuta ulianguka kwa kuwa ulikuwa mbovu. Wahitimu wa chuo hicho leo wanafundisha na kuuguza kutoka Kibondo hadi Buhigwe.

Alifariki Kasulu tarehe 2 Juni 2019, Tharsisi akiwa ameushika mkono wake.

"Unaogopa, dada?" Mchungaji alimuuliza.

"Naogopa sana," alijibu. "Lakini twende."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Basi yeyote kati yetu anayeona ufa, naye moyo unamwenda mbio, asingoje kwanza utulie. Aombe kama alivyoomba mama huyu, kisha aseme alichokiona.